Jumapili za Kuamia Ndege

Kanisa la kigango chetu kule Kasansa lilikuwa linanuka mikojo ya watoto. Nasema hivyo kwa mapenzi, wala msinifikirie vibaya. Harufu nyingine zilikuwapo pia: popo waliolala juu kwenye kenchi, mishumaa, mafuta ya mgando tuliyopakwa usoni mpaka tunang'aa, na jasho la watu waliotembea kutoka mbali wakiwa na nguo zao nzuri. Lakini iliyokupokea mlangoni ni ile ya mikojo, kwa sababu watoto tulikaa mbele kabisa, chini kwenye mikeka, na tulikuwa wa kila umri: wa kutambaa, wa kung'oka meno, mpaka sisi wa darasa la tatu tuliojiona watu wazima. Katekista akisoma somo, huku mmoja anatafuna muhogo, mwingine anamsuka mwenzake, wawili wanagombania rozari. Mtoto akianza kulia alipitishwa mkono kwa mkono kuelekea nyuma mpaka amfikie mama yake, au mama yeyote mwenye ziwa aliye karibu. Wazee husema mkono mmoja haulei mwana, na pale kanisani mikono yenyewe ulikuwa unaiona.

Katika mkeka ule kulikuwa na mdogo wangu Sesilia, ambaye umri wake ulikuwa bado wa kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Yeye hakukaa na sisi muda wote, maana alikuwa na kazi. Bibi yetu Apolonia, mzaa baba, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na aliyemwongoza kwenda kanisani ni Sesilia. Walishika fimbo moja, Sesilia mbele, Bibi nyuma, wakaenda polepole kwa namna ambayo mtu mzima hawezi bila kuchoka. Bibi alimwita "mke mwenzangu," kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu wa kike kutaniana, na siku wakigombana ungesikia: "Huyu mke mwenzangu ana gubu, nitamrudisha kwao!" Sesilia naye njia nzima alikuwa anatangaza. Bibi, hapa kuna siafu, inua mguu. Bibi, kwa akina Maiko wameezeka bati. Bibi, mbuzi wa mwalimu amezaa. Kwa hiyo mwanamke asiyeona alifika kanisani akiwa na habari nyingi za kijiji kuliko sisi wenye macho.

Padri alikuja mara moja kwa mwezi, kwa pikipiki, kutoka parokiani. Jumapili nyingine zote tulikuwa na ibada ya katekista, lakini ile ya padri ndiyo ilikuwa Misa, na ndiyo siku ya kukomunika. Bibi aliishi akiisubiri siku hiyo. Alikuwa na kitenge kimoja kilichotunzwa sandukuni kwa ajili yake, chenye harufu ya sabuni ya kufulia, na tangu siku mbili kabla alianza kutuuliza kama mvua itanyesha, kama barabara inapitika, kama tumesikia padri haumwi. Alisema tangu abatizwe hajawahi kukosa Misa ya padri ila alipokuwa amejifungua. Sisi tulikuwa tunamcheka. Leo namwelewa.

Basi msimu ule alikuja padri mpya, kijana mrefu, mpole wa sauti. Mahubiri yake yalikuwa marefu kidogo na kanisa lilikuwa na joto, Bibi akasinzia. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda tena. Mara Sesilia, ambaye alikuwa amekaa miguuni pake, akapaza sauti ile aliyoizoea njiani: "Bibi! Usilale! Padri anakuona!" Kanisa zima likaangua kicheko. Bibi akashtuka, akafikiri Misa imefika mwisho, akajibu kwa sauti kuu, "Tumshukuru Mungu!" Loo! Watu wakashika mbavu. Padri pale mbele akanyamaza. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo, akakaa, mpaka kicheko kikaisha chenyewe na watu wakaanza kutazamana. Kisha akaendelea na mahubiri bila kuligusia jambo lile.

Aliyeumia na ule ukimya ni Baba Mkubwa Desideri. Baba Mkubwa ndiye alikuwa mwenyekiti wa kigango, na ndiye kifungua mimba wa Bibi. Kwa hiyo aliyesinzia ni mama yake, aliyepiga kelele ni mtoto wa mdogo wake, na aliyenyamazishwa ni mgeni wa parokia. Alikuwa mtu wa utaratibu, jamani, mtu wa kufunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye jua la Kasansa. Alirudi nyumbani hakula. Mama alimsikia akimwambia baba yangu, "Tumeaibika. Padri katuona washamba."

Jumapili iliyofuata akasimama baada ya ibada kutoa matangazo. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na kweleakwelea walishaonekana upande wa bondeni. Kila mwaka wakati huo watoto ndio huamia ndege, yaani hukaa mashambani kuwafukuza kwa kelele, madebe na makombeo, lakini Jumapili asubuhi tulikuwa tunaachiwa kwa zamu ili tusali. Baba Mkubwa akasema zamu zimekwisha. Watoto wote ambao hawajapokea Komunyo ya kwanza watabaki mashambani kila Jumapili mpaka mavuno. Wanaonyonyesha wakae nje chini ya upenu. "Tutapata faida mbili," akasema, "mpunga utapona na ibada itatulia." Watu wakaitikia kwa kichwa. Sitawalaumu, maana ndege si mchezo. Wakishuka kwenye jaruba wanaondoka na debe zima wakati wewe unatafuta jiwe. Hata akina mama wengine walishusha pumzi kwamba walau saa moja watakaa bila kuvutwa gauni. Ni mama mmoja tu wa Kisukuma, ambaye familia yake ilikuwa imehamia na ng'ombe mwaka uliotangulia, aliyecheka akiwa na mtoto mgongoni na kusema, "Kwetu wanaobaki nje ni ng'ombe." Watu wakadhani anatania.

Sisi watoto tulifurahi, niseme ukweli. Jumapili bila kuoga kwa nguvu, bila viatu vya kubana! Lakini asubuhi ile ya kwanza nilipopita kwa Bibi kuchukua kombeo langu nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, amevaa, rozari shingoni, ameinyoosha fimbo mbele yake kama kawaida, anasubiri mwenye kuishika ncha ya pili.  Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Watu wote wazima walikuwa wameamua jambo lile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba macho ya Bibi yalikuwa ni mtoto.

Baba Mkubwa akaja mbio na baiskeli yake. "Mama, panda kwenye keria, nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Mke mwenzangu yuko wapi?"

"Watoto wako shambani, mama. Tumekubaliana."

"Nani na nani?"

Baba Mkubwa akaeleza, kwa adabu, yale ya mpunga na utulivu. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye si gunia la mpunga la kufungwa kwenye keria. Mama akajaribu kumshika mkono, akakataa pia: "Nyie watu wazima mnanivuta kama mbuzi wa mnadani. Nafika kabla ya miguu yangu." Akainuka, akageukia upande nilikokuwa nimesimama, na akaniambia nimpeleke huko waliko watoto. "Kama kanisa halina nafasi ya huyu mtoto, basi halina nafasi ya mimi. Sisi tunakwenda pamoja." Baba Mkubwa akabaki ameshika usukani wa baiskeli. Nilimwonea huruma hata mimi.

Hivyo ndivyo Bibi alivyoanza kuamia ndege katika uzee wake. Hakuweza kupanda dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa ili kuona mbali, kwa hiyo tulimtandikia kanga chini yake, tukampa debe na kijiti. Ajabu ni kwamba alitushinda. Sisi tulitazama, yeye alisikiliza, na mabawa ya kweleakwelea huyasikii mpaka yamekufika, lakini yeye aliyasikia. Alitusalisha rozari, akiongoza yeye, na sala zake zilikuwa hivi: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, haya hao upande wa mtoni, piga! piga! umebarikiwa kuliko wanawake wote." Tulipiga madebe tukarudi palepale tulipoachia. Alituimbisha. Alitusimulia habari za Yesu kwa Kipimbwe, na kwa maelezo yake Petro alikuwa mtu wa Kapalamsenga kabisa, kule ziwani, mvuvi mbishi mwenye madeni ya nyavu. Watoto wa mashamba jirani wakasikia, wakawa wanasogea kwetu. Jumapili ya pili tulikuwa wengi, na mama yule wa Kisukuma akaja na wanawe wote na kile cha mgongoni, akakaa karibu na Bibi, akatoa maziwa mgando kwenye kibuyu.

Kule kanisani, Mama alituambia, kulikuwa kimya mpaka unasikia popo wakigeuka. Mwanzoni watu walipenda. Kisha wimbo ukianza unaanza kwa uvivu, kila mtu anamsubiri mwenzake, kwa sababu siku zote ni watoto waliokuwa wanalipuka wa kwanza, wakikosea, na wakubwa wanaingia ili kuwarekebisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya kile hakikuwa na mshindo wowote. Mama alisema alijikuta anahesabu mabati.

Usidhani Bibi alikuwa na furaha ile aliyotuonyesha. Siku ya padri ilipokaribia alinyamaza. Hakuuliza habari za mvua. Baba Mkubwa alikuja jioni tatu mfululizo kumbembeleza, mara na sukari, mara na mke wake, na Bibi akamjibu jibu lilelile: niletewe mke mwenzangu, nitakwenda. Baba Mkubwa naye angemrudisha mmoja, wazazi wa wengine wangesemaje? Kwamba mwenyekiti ana sheria ya watu na sheria ya nyumbani kwake? Wote wawili walikuwa wabishi wa damu moja. Asubuhi ya Jumapili hiyo Bibi akavaa kile kitenge cha sandukuni, akaja nacho shambani. Akatuambia tusipige debe kwanza. Tukasikia pikipiki ikija kwa mbali, ikapita barabarani, ikaenda kanisani, ikazima. Kisha kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, ikagongwa. Bibi alikuwa ametazama upande ule kwa macho yasiyoona na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Sesilia akashuka kwenye dungu, akamkalia mapajani. Niliwachukia watu wazima wote siku ile, nikawachukia kwelikweli.

Yaliyotokea kanisani tuliyasikia kwa Mama. Padri aliingia, akatazama mbele palipokuwa na mikeka, akaona sakafu tupu.  Misa ikaisha, akamuuliza Baba Mkubwa, "Yule bibi aliyekuwa anasinzia mbona sikumwona?" Na Baba Mkubwa, mtu wa kanisa, mwenye kifungo cha juu kimefungwa, akabanwa, akasema, "Anaumwa, Baba." Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Padri akasema basi twende, nampelekea Komunyo na mpako wa wagonjwa. Wakaenda na watu nyuma yao, wakakuta mlango wa Bibi umefungwa na kuku wawili wanaota jua kizingitini. Baba Mkubwa akaanza kukohoa. Ikabidi Mama aseme: "Baba, mgonjwa yuko mashambani. Anaamia ndege."

Tuliwaona wakija juu ya kingo za majaruba, padri mbele, amevua viatu, amekunja kanzu mpaka magotini, matope yamemfika kwenye ugoko. Bibi akasikia. "Nani huyo anakanyaga mpunga wa watu?" Padri akajitaja. Bibi akatafuta fimbo asimame, padri akamwambia akae, akachuchumaa mbele yake palepale kwenye nyasi.

"Bibi, nimeambiwa unaumwa."

"Nani kasema?"

 Nyuma ya padri Baba Mkubwa akakohoa tena, kikohozi kidogo tu, na Bibi akageuza uso upande ule. Anayemfahamu mtu kwa kikohozi ni mama yake. Sisi kwenye dungu tulishika midomo, maana tulijua sasa ndiyo sasa, Baba Mkubwa anaumbuliwa mbele ya padri na kijiji kizima. Mimi nilitaka aumbuliwe. Bibi akauvuta mkono wa Sesilia akauweka juu ya goti lake.

"Ni kweli, Baba," akasema. "Naumwa. Mwanangu hajakudanganya. Naumwa tangu waniondolee huyu mtoto."

Baba Mkubwa akavua kofia. Nadhani angeweza kuvumilia aibu, lakini ule wema wa mama yake ulimshinda, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kusema, haraka haraka, macho chini. Akaeleza yote: siku ile ya kicheko, jinsi padri alivyoinamisha kichwa akanyamaza, jinsi yeye alivyoona haya kwa ajili ya kigango, jinsi ndege walivyokuwa wengi, jinsi alivyofikiri atampendeza padri. Padri akamtazama kwa mshangao. "Mwenyekiti, mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nacheka! Niliinama ili msinione. Ningefungua mdomo nisingeweza kumaliza Misa." Watu waliokuja wakatazamana, kisha mama yule wa Kisukuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita katika majaruba mpaka Baba Mkubwa mwenyewe akakipata. Kisha padri akawa mtu mwingine, akavaa stola yake, na Bibi akakomunika chini ya dungu akiwa amevaa kitenge chake, na ndege nyuma yetu wanakula mpunga bila kizuizi. Alipoondoka padri alisema neno moja tu kuhusu jambo lile: "Nikija tena nataka kusumbuliwa."

Lakini sheria ya mwenyekiti ilikuwa imeanguka na kweleakwelea hawakuwa na habari. Zilikuwa zimebaki Jumapili chache za hatari kuliko zote, mpunga unaanza kuwa wa manjano, na kila nyumba ikaanza kupiga mahesabu ya nani abaki. Jumapili iliyofuata, tulishuka shambani kabla ya kupita kwa Bibi, tukamkuta Baba Mkubwa yuko juu ya dungu. Amevaa shati la kanisani, amekunja mikono, kifungo cha juu kimefunguliwa, ameshika debe. "Nendeni mkasali," akatuambia. "Na wewe, Sesilia, mwongoze bibi yako vizuri." Wanaume wengine wawili watatu walikuwa wamesimama kwenye mashamba yao vilevile, wanaona haya kidogo. Mkubwa ni jalala, husema watu, na yeye alikubali kuwa jalala siku ile. Wala hakuiweza ile kazi! Tuliporudi kona nzima ya jaruba ilikuwa imeliwa, na Bibi alimtania kwa hilo mpaka alipofariki. Ila sitamsahau alivyosikika mpaka kanisani akipiga kelele peke yake kule bondeni, "Haaa! Haaa!", huku sisi tumejaa kwenye mikeka na wimbo wa kuingilia unaanza kwa fujo, wadogo mbele, wakubwa nyuma wanakimbizana nao, na Bibi anaimba amefumba macho yasiyohitaji kufumbwa.

Siku hizi naishi Ilembo, hapa Mpanda mjini. Kanisa letu lina vigae na feni, na vipaza sauti vizuri vya kununuliwa kwa michango, na watoto wana Misa yao wenyewe asubuhi na mapema, na walimu wao na kwaya yao. Ni jambo jema, sipingi. Mwanangu anaipenda, anarudi anaimba. Lakini ile Misa yetu ya wakubwa sasa haina harufu yoyote. Wazee wanakuja na bodaboda, wanateremshwa mlangoni, wanakaa benchi lao. Mwanangu hajawahi kumshikia mzee fimbo. Na mimi, mjukuu wa Apolonia, nimezoea kiasi kwamba nasikia kila neno la mahubiri na naona ni haki yangu.

Jumapili iliyopita alikaa mbele yangu binti mmoja, mama mdogo tu, mgeni, na mtoto wa miezi michache. Mahubiri yalipoanza, mtoto akaanza kulia. Akambembeleza, akampa ziwa, akakataa. Watu wakaanza kugeuka, si kwa ubaya, kugeuka tu. Mhudumu wa pale mlangoni, kijana mwenye adabu zake, akaufungua mlango akasimama pembeni akimngojea. Binti akainama kuokota mkoba wake, amejaa haya mpaka masikio, na ndipo nikajikuta nimemshika kitenge.

"Kaa, mdogo wangu," nikamwambia. "Mtoto yuko kwao."

Akanitazama, akamtazama yule kijana wa mlangoni, akakaa. Nikampokea mtoto, nikampakata, akanilowesha gauni lote, akaendelea kulia kwa nguvu zake zote. Mahubiri ya siku hiyo yalihusu nini siyajui mpaka leo.